Vichwa vya treni viligombewa, wastaafu wakaachwa

Kila habari ya bandari ya Mbegani inapoibuka upya, Mlingotini huzuka maswali yaleyale. Kijiji hiki cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kimekuwa kikitajwa pamoja na jirani yake Pande tangu Machi 2013, Tanzania ilipotia saini makubaliano ya awali ya ujenzi wa bandari hiyo na Wachina, na Oman nayo ikaingia katika ubia. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015, mradi ukakwama kwa ubishi wa masharti, na 2021 ukaanza kuzungumzwa tena. Yanayosikika zaidi ni fidia ya mashamba na minazi, ajira za vijana, na idadi ya miaka atakayopewa mwekezaji. Lisilosikika ni la mwisho wa kazi. Kijana atakayeajiriwa leo na kampuni tanzu ya kundi lenye makao makuu ng'ambo, akifika miaka 60, haki yake itakuwa imeandikwa katika daftari la nani? Wanaoona swali hilo ni la mapema mno wanasahau kwamba nchi hii imewahi kuliuliza kwa kuchelewa, na wazee zaidi ya 31,000 wakapelekwa mahakamani na ucheleweshaji huo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 6, 1967 na kuanza kazi Desemba mwaka huohuo, hukumbukwa kama ndoto ya kisiasa. Kwa macho ya mhasibu ilikuwa kitu kingine kabisa: kundi la mashirika ya biashara lililovuka mipaka ya nchi tatu. Reli na ndege zilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na sekretarieti ikakaa Arusha. Fundi aliyezaliwa Tanga aliweza kukarabati injini Nairobi, akahamishiwa Kampala na kumalizia utumishi wake Tabora, mwajiri wake akiwa yuleyule. Sehemu ya mshahara wake haikulipwa mwisho wa mwezi. Iliahidiwa kwa siku za uzeeni, kama pensheni, kiinua mgongo au mfuko wa akiba kulingana na daraja na masharti yake ya kazi. Sehemu ya fedha za mifuko hiyo ilikuwa imewekezwa London kupitia wakala wa Crown Agents. Mfanyakazi mmoja, basi, alikuwa na jasho katika nchi tatu, akiba katika nchi ya nne, na ahadi kutoka kwa shirika lisilokuwa la nchi yoyote.

Jinsi ndoa hiyo ilivyovunjika inajulikana: Idi Amin, siasa za Ujamaa na za ubepari kutupiana maneno, michango isiyolipwa, Shirika la Ndege kunyimwa mafuta ya kurukia kwa sababu ya madeni. Zisizosimuliwa vya kutosha ni mbio zilizofuata. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za Jumuiya zilikoma kuruka, na siku chache baadaye Kenya Airways ikawa angani. Februari 4 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kila upande ukashika kilichokuwa mkononi mwake. Injini na mabehewa yaliyokuwa upande wa Kenya usiku ule yakawa ya Kenya. Katika Ziwa Viktoria, meli ya Uhuru ikabaki Kisumu, na Umoja na Victoria zikabaki Mwanza. Ndege kubwa nne aina ya Super VC10, ambazo bado zilikuwa na deni la kiwanda, zikarudi Uingereza na mwishowe zikaingia katika jeshi la anga la huko. Uganda, iliyokuwa mwisho wa reli na mbali na bahari, ikaambulia kidogo kuliko wote. Kufa kufaana, wanasema watu wa pwani, na mwaka ule kilichokufa kilikuwa na mali nyingi.

Katika mbio zote hizo hakuna serikali iliyotuma askari kumzuia mstaafu asivuke mpaka. Jambo hilo linaweza kuonekana la kuchekesha, lakini ndilo kiini cha hoja ya makala haya. Injini ya treni huandikwa upande wa mali katika mizania. Mzee aliyetumikia reli miaka 25 huandikwa upande wa madeni, kama ameandikwa popote. Watu hugombea mali kwa sababu inaonekana, inahesabika na inaweza kufungwa kwa mnyororo. Deni la pensheni halina mlio wala moshi. Likiachwa bila kuandikwa halimsumbui mtu kwa miaka 10 au 20, hadi siku wenye haki watakapokuja kubisha hodi wakiwa na mvi. Kilichowaumiza wafanyakazi wa Jumuiya, kwa hoja yangu, kilianza kabla ya umaskini wa serikali na kabla ya roho mbaya ya mtu yeyote: ahadi yao ilivuka mipaka, lakini hesabu ya ahadi hiyo haikuwahi kupewa mwenyewe.

Msemo wa ahadi ni deni tunautumia kila siku katika mambo ya heshima, ila taaluma ya uhasibu iliuchelewa sana. Kwa miongo mingi waajiri duniani waliandika pensheni kama gharama ya mwaka inapolipwa: mzee akija dirishani, fedha ikitoka, ndipo daftari linapojua kwamba yupo. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 19 ilitolewa kwanza Januari 1983, ikafumuliwa 1998 na tena 2011. Fikra yake ni nyepesi kueleza: mfanyakazi anachuma pensheni yake kila siku anayofanya kazi, kwa hiyo deni huzaliwa siku hiyohiyo. Ugumu uko katika kulipima. Ni lazima kukadiria mshahara wake wa mwisho utakuwa kiasi gani, ataishi hadi lini baada ya kustaafu, wenzake wangapi wataacha kazi njiani, kisha kurudisha jumla hiyo kwenye thamani ya leo kwa kutumia kiwango fulani cha riba. Chukua shilingi 1,000,000 itakayolipwa miaka 10 ijayo. Kwa riba ya asilimia 12, deni la leo ni takriban shilingi 322,000. Kwa asilimia 6 ni takriban 558,000. Mfanyakazi ni yuleyule na ahadi ni ileile. Kilichobadilika ni tarakimu moja iliyochaguliwa ofisini. Ndiyo maana kanuni inataka riba hiyo itokane na hati fungani za sarafu ileile ambayo pensheni italipwa, na pasipo na soko la kutosha la hati za makampuni, kama hapa kwetu, zitumike za serikali. Kampuni mama ya ng'ambo hairuhusiwi kulipima deni la shilingi kwa riba ya yeni.

Kundi la makampuni linaposhiriki mfuko mmoja, kanuni inauliza jambo la ziada: je, kuna makubaliano yanayosema kila kampuni tanzu inabeba kiasi gani? Yakiwepo, kila moja iandike fungu lake. Yasipokuwepo, deni lote linaandikwa na kampuni iliyousimamisha mfuko kisheria. Hairuhusiwi deni kubaki hewani. Ukiishika kanuni hiyo na kuirudisha 1977, utaona pengo mara moja. Mashirika ya Jumuiya hayakugawanywa kwa nchi. Hapakuwa na Reli ya Tanzania ndani ya Reli ya Afrika Mashariki yenye fungu lake la pensheni. Mwenye mfuko alipokufa, hakuna aliyekuwa na karatasi inayoonyesha nani alipaswa kurithi madeni gani.

Karatasi hiyo ilitafutwa kwa zaidi ya miaka sita. Kupitia Benki ya Dunia, serikali tatu zilimkubali msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, mwanadiplomasia aliyewahi pia kufanya kazi katika uongozi wa kampuni kubwa ya dawa na kemikali. Alianza 1978 na kukuta madaftari ya miaka ya mwisho yana mapengo, mali zimetapakaa, na wakubwa wasiotaka kukaa meza moja. Vita vya Kagera vikaingia katikati. Kazi yake ilikuwa kujenga upya mizania ya marehemu ambaye warithi wake walikuwa wamekwisha kugawana vitanda na masufuria. Ikapatikana: Kenya asilimia 42 ya thamani halisi, Tanzania 32, Uganda 26, na waliokuwa wameshika zaidi ya fungu lao wamfidie aliyepungukiwa, ambaye ni Uganda. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na Mei 14, 1984 Nyerere, Moi na Obote wakasaini Arusha.

Ndani ya mkataba huo, wastaafu wamepewa maneno machache yenye uzito kuliko kurasa zote za mabehewa. Kila nchi iliahidi kuwalipa raia wake waliokuwa wamekwisha kustaafu kufikia siku ya mgawanyo pensheni na mafao yao mengine, na kutenga fedha kwa ajili ya haki ambazo raia wake waliokuwa bado kazini walikuwa wamezichuma kufikia siku hiyo. Siku ya mgawanyo ikawekwa kuwa Juni 30, 1977. Mhasibu akisoma maneno hayo lazima avue kofia. Mwaka mmoja tu baada ya kanuni ya 19 kutolewa, na miaka mingi kabla ya kampuni nyingi za Ulaya kuikubali kwa moyo, mkataba wa Arusha ulikuwa umekiri kwamba aliye kazini bado ana deni analodai leo, hata kama atastaafu baada ya miaka 20. Neno la kutenga ndilo lililokuwa na dawa yote. Ndilo pia lililopuuzwa.

Mtu anaweza kusema kosa liko katika kugawa wafanyakazi kwa uraia. Mtanzania aliyeitumikia reli Nairobi miaka yote alizalisha mapato yaliyojenga karakana za Nairobi, na karakana zikabaki Kenya. Kwa nini Hazina ya Dar es Salaam ibebe uzee wake? Pingamizi hilo lina nguvu, ila sidhani linafika mbali. Kugawa kwa mahali pa kazi kungehitaji kufuatilia uhamisho wa kila mtu kituo hadi kituo katika majalada ambayo mengine hayakuonekana tena, na kungemlazimu mzee wa Kigoma kufuata cheki yake katika nchi ambayo haimhesabu kuwa raia na haiogopi kura yake. Uraia ulimpa mdaiwa mmoja anayejulikana anapokaa. Tena mgawanyo wa mali ulikuwa umekwisha kuzingatia madeni hayo; asilimia 32 ya Tanzania haikuwa mali tupu, ilikuja na watu wake. Kasoro iko hatua inayofuata: mali ilikwenda kwa mashirika mapya ya reli, bandari, posta na ndege, akiba zikaingia katika mkondo wa Hazina, na deni la watu halikufungiwa katika mfuko wenye jina, wadhamini na hesabu zinazokaguliwa kila mwaka. Lilibaki kuwa sentensi ndani ya mkataba. Bunge liliupa mkataba nguvu ya sheria mwaka 1987. Sentensi ikawa sheria, lakini bado haikuwa mfuko.

Ndipo shilingi ikafanya kazi yake. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi zaidi kidogo ya nane. Kiinua mgongo cha shilingi 1,000 kilikuwa na thamani ya dola 120 hivi, pesa ya kununulia mabati ya nyumba. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 1,100, na shilingi 1,000 ileile haikufika hata dola. Wastaafu waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2003 hawakuwa wakigombana juu ya kama waliitumikia Jumuiya; hilo halikuhitaji shahidi. Ugomvi ulikuwa juu ya kipimo. Serikali ilishika tarakimu zilizomo katika majalada. Wastaafu wakasema tarakimu bila thamani ni karatasi, wakadai riba ya miaka yote ya kungojeshwa na fidia ya kushuka kwa sarafu. Kwa lugha ya kanuni ya 19, upande mmoja ulikuwa unasoma deni la siku ya mgawanyo kana kwamba muda haukupita, na upande mwingine unadai deni hilo lipandishwe hadi siku ya malipo. Hapa wazee, wengi wao wasiowahi kuisikia kanuni yenyewe, ndio waliokuwa wahasibu wazuri zaidi. Riba ikitumika kulipunguza deni la kesho ili lionekane dogo leo, ni lazima riba hiyohiyo ilikuze deni la jana ambalo halijalipwa. Huwezi kuwa na kisu kinachokata upande wa mfanyakazi tu.

Septemba 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, pande mbili zilifikia makubaliano nje ya hukumu. Serikali ikakubali kulipa shilingi bilioni 117 kwa wadai 31,831. Ni fedha nyingi katika kichwa cha habari. Ukizigawanya sawa kwa sawa, kila mmoja anapata wastani wa shilingi milioni 3.7, kwa utumishi ulioishia karibu miaka 30 kabla. Malipo hayakuwa sawa, bila shaka, kwa kuwa vyeo na miaka ilitofautiana, na hapo ndipo duru ya pili ilipozaliwa: nani amelipwa chote, nani amepunjwa, jina la nani halimo, warithi wa marehemu waje na hati gani. Miaka iliyofuata Dar es Salaam ilizoea kuwaona wazee hao nje ya ofisi za serikali, na zaidi ya mara moja waliziba barabara kwa kukaa na kulala chini. Serikali ikashikilia kwamba imemaliza wajibu wake, wao wakashikilia kwamba haijafika hata nusu. Ubishi wa aina hiyo hauwezi kuamuliwa na yeyote pasipo daftari la mwanzo lililofungwa vizuri, na daftari hilo lilipaswa kufunguliwa 1984.

Wako watakaosema ni rahisi kunena hivi leo. Tanzania ya miaka ya 1980 ilitoka vitani, haikuwa na fedha za kigeni, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, ingetenga nini? Jibu ni kwamba umaskini unaeleza kwa nini mtu hajalipa, hauelezi kwa nini hajaandika. Kuandika deni hakugharimu fedha za kigeni. Deni lililoandikwa na kukaguliwa kila Juni lingeonyesha jinsi lilivyokuwa likikua, na huenda waziri mmoja kati ya wengi angeona bora kulimaliza likiwa dogo. Hesabu za serikali wakati huo ziliandikwa kwa fedha taslimu, kama ilivyokuwa karibu kila mahali. Mfumo wa kuandika deni linapozaliwa ulianza kuingizwa Julai 2012, kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano.

Kenya haikufanya vizuri zaidi, ingawa ilirithi mabehewa mengi. Wakenya zaidi ya 700 waliokuwa watumishi wa Jumuiya walifungua shauri Arusha mwaka 2010, katika Mahakama ya Haki ya Jumuiya mpya, wakifikiri jina linalofanana ni ukoo mmoja. Walishindwa mwaka uliofuata, na rufaa ikaanguka 2012: mkataba wa 1999 ulioiunda Jumuiya hiyo hauwezi kurudi nyuma kuhukumu mambo ya kabla yake. Kisheria ni sawa. Kihesabu maana yake ni kwamba Jumuiya mpya haikurithi mizania ya ile ya zamani. Na 2006, reli ya Kenya ilipokabidhiwa kampuni ya kimataifa, pengo la mfuko wa wastaafu lilizibwa kwa ardhi na majengo ya shirika, yakiwemo makazi ya Muthurwa jijini Nairobi. Ardhi ni mali, mtu atasema, basi tatizo limekwisha. Lakini pensheni hailipwi kwa ardhi. Mwaka 2010 wadhamini wa wastaafu walianza kubomoa nyumba za wapangaji wa Muthurwa, baadhi yao wakiwa wastaafu wa reli hiyohiyo, na kesi ikaendelea hadi 2013. Mzee alikuwa akibomolewa chumba ili apatiwe pensheni.

Kwetu, miaka ya karibuni ina mengi ambayo msomaji anayajua: mifuko ya umma kuunganishwa Agosti 2018, kelele za kikokotoo cha mafao Desemba ya mwaka ule na Rais kukisimamisha, malipo ya mkupuo ya asilimia 33 mwaka 2022 yakapandishwa hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu miaka miwili baadaye. Dogo lililopita kimya ni hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ambayo serikali iliupa mfuko wa watumishi wa umma kwa ajili ya watu waliotumika kabla ya 1999 bila kuchangiwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kikokotoo. Kwa mara ya kwanza, deni la uzee lililokuwa likielea lilipewa karatasi, tarakimu na tarehe.

Kwa mwajiri wa kigeni mambo yamekuwa mepesi kupita kiasi. Kampuni tanzu iliyoko Tanzania hupeleka katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mfanyakazi, na wajibu wake wa pensheni unaishia hapo. Katika taarifa ya kundi zima, wafanyakazi wa Ulaya wanachukua kurasa kadhaa za makadirio, wa Tanzania wanachukua mstari mmoja wa michango. Wahasibu hawakukosea, kanuni inaruhusu. Lakini ahadi ya kumlipa mtu hadi kufa haijafutika, imehamia kwenye mfuko, na nyuma ya mfuko kuna Hazina ileile ya mwaka 1984. Zaidi ya michango hiyo kuna viinua mgongo vya mikataba ya hiari, matibabu baada ya kustaafu, na stahili za siku mkataba wa uendeshaji utakapoisha na kampuni kufungasha. Mkataba wa Mbegani, ukija kusainiwa, unaweza kusema fungu hilo linakaa wapi na linathaminiwa kila mwaka na nani. Hiyo ni aya moja. Arusha waliiandika kwa sentensi mbili.

Na hata aya hiyo ikiandikwa, haitawafikia wengi wa Mlingotini. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake huingia mchangani na vigingi, kamba na vipande vya mbegu, wakifunga mwani fundo kwa fundo huku migongo ikiwa imeinama kwa saa kadhaa. Mwani mkavu hupimwa kwa kilo, hulipwa kwa kilo, na husafirishwa ng'ambo kwenda kutengenezewa ute unaogandisha vyakula na dawa za meno za makampuni yenye matawi dunia nzima. Katika mizania za makampuni hayo yamo majengo, mitambo, na pensheni za wapishi wa maabara. Mkulima wa mwani yumo kama bei ya malighafi.